Hao Si Watu, Ni Hesabu Tu

Kuna swali ambalo wazee wa barazani na vijana wa gemu hulijibu haraka mno, kila mmoja kwa upande wake, na kwa hivyo linabaki bila jibu. Je, kumuua mtu ambaye hayupo ni kosa? Mzee atasema ndiyo, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kijana atasema, "Kwani nani ameumia?" Mjadala unafia hapo. Mimi naona wote wawili wanautazama mkono unaobonyeza kitufe, na hakuna anayelitazama jicho.

Nieleze ninachozungumzia. Mpwa wangu, ambaye mwaka huu anamaliza sekondari, ana PSP ya mtumba aliyoinunua hapa Ukunda. Betri imefura, mfuniko wa nyuma umeshikiliwa kwa selotepu, na kisahani alicho nacho ni kimoja tu: Dynasty Warriors. PSP ilianza kuuzwa Japani mnamo Desemba 2004, na gemu hii ilitoka mwezi huo huo. Kampuni iliyoitoa, Koei, ilikuwa tayari na mfululizo wa gemu za jina hilo tangu 1997, za kuchezwa kwenye televisheni. Hii ikawa ya kutia mfukoni. Ndiyo maana naiona kila mahali alipo mpwa wangu: kwenye matatu ya Likoni, kwenye foleni ya kinyozi, na pale Kona ya Musa akingoja viazi karai vitoke kwenye mafuta.

Hadithi yake ni ya vita vya China ya kale. Dola ya Han inaporomoka, na baada yake falme tatu, Wei, Shu na Wu, zinagombania nchi. Unachagua jemadari mmoja, mwenye jina, mavazi yake na silaha yake. Kuna Guan Yu wa ndevu ndefu, kuna Lü Bu ambaye hata mchezaji hodari humkimbia. Kisha unaingizwa uwanjani, na mbele yako wamejaa askari wa miguu. Sura zao zinafanana, nguo zao zinafanana. Wengi wao wanasimama tu wakikungoja. Unazungusha mkuki mara moja, wanaruka saba. Miili inalala kidogo halafu inayeyuka, ardhi inabaki safi. Pembeni mwa skrini kuna kihesabio kinachopanda: hamsini, mia, mia mbili. Mchezaji anayejiheshimu anaitafuta elfu.

Na angalia jambo hili. Jemadari wa upande wa pili akishindwa, mara nyingi hupewa nafasi ya kusema neno, na pengine anajiondokea zake ili tukutane naye vita vijavyo. Neno na kesho ni vya wenye majina. Wale wengine wanapata tarakimu.

Siku moja nilimuuliza, kwa utani, "Leo umeua wangapi?"

"Mia sita na kitu."

"Na hawa walikuwa kina nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la kila punje ya mchele. "Mjomba, we nawe! Hao si watu, ni hesabu tu."

Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa, na ndiyo maana halijaniacha.

Kwanza nimtetee. Kusema kwamba kijana akicheza vita atakuwa muuaji ni dhuluma, na wanaosema hivyo hawajaketi na wazee wetu. Pale kwenye kivuli, alasiri, wazee wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda. "Nimekula!" "Nimekuua!" "Huyu naye mfu!" Bao nalo ni kula kete za mwenzako mpaka akose cha kusogeza. Sataranji inawatanguliza askari wadogo ili mfalme apone. Sijasikia mzee aliyetoka kwenye drafti akaenda kumchinja jirani. Mchezo una ukuta wake, na mchezaji mwenye akili timamu anaujua ukuta ulipo. Mpwa wangu akiona kuku anachinjwa hugeuza uso.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani wa karne ya 18, alijaribu njia nyingine. Alisema mnyama hatudai chochote kwa haki yake mwenyewe, lakini anayemtesa mbwa anaufanya moyo wake uwe mgumu, na moyo huo huo ndio atakaoutumia kwa binadamu. Siukubali mwanzo wa hoja hiyo, kwa kuwa mbwa anaumia. Lakini mwisho wake unakuja karibu na tunachotafuta. Kitu kisichodhulumiwa kinaweza kumzoeza mtu namna ya kutazama. Waswahili tunasema mazoea yana taabu.

Basi gemu hii inamzoeza mchezaji nini? Si kuua, kwa maana huko uwanjani hakuna anayekufa. Inamzoeza kuwagawa watu mafungu mawili kwa kuwatupia jicho mara moja tu: wenye hadithi, na wanaojaza uwanja. Na inamweka yeye daima katika fungu la kwanza. Wewe ni staringi, na staringi hafi. Drafti haifanyi hivyo. Kwenye drafti kete zote ni vifuniko, zako na zangu. Hakuna kifuniko chenye ndevu ndefu na jina.

Sasa tuwatazame hao wasio na majina, maana nyuma ya picha walikuwapo watu kweli. Katika mfululizo huu, mara nyingi pambano la kwanza ni dhidi ya waasi wa vilemba vya manjano. Ni kama chumba cha mazoezi. Wao ndio wepesi kuliko wote, unajifunzia kwao jinsi ya kushika silaha. Waasi hao ni wa historia. Walinyanyuka mwaka 184, wakiongozwa na Zhang Jiao, mganga aliyetibu watu kwa maji yaliyosomewa na kwa kuwafanya waungame makosa yao. Waliomfuata wengi walikuwa wakulima waliochoshwa na njaa, maradhi na mafuriko, huku ikulu ikigombaniwa na wakubwa wasiojua bei ya nafaka. Walijifunga vitambaa vya manjano ili watambuane. Majemadari waliotumwa kuwazima ndio hao tunaowachagua leo kwenye skrini. Sifa zao za kwanza walizipatia hapo, juu ya migongo ya wakulima.

Karne nyingi baadaye, katika karne ya 14, riwaya kubwa inayohusishwa na Luo Guanzhong iliyakusanya masimulizi hayo, na ndiyo inayolisha gemu. Riwaya imejaa majina. Wakulima hawamo ila kwa wingi.

Kuna hesabu nyingine ya enzi hiyo ambayo haimo kwenye gemu. Sensa ya dola ya Han ya mwaka 157 iliandikisha watu zaidi ya milioni 56. Mwaka 280, falme tatu zilipounganishwa tena, walioandikishwa walikuwa kama milioni 16. Wanahistoria wanatuonya tusiseme milioni 40 waliuawa. Wengi walihama, wengi walijificha chini ya mabwana wa mashamba ambao hawakutaka kulipa kodi kwa ajili yao, na serikali yenyewe ilikuwa imepoteza uwezo wa kuhesabu. Hata hivyo, mtu akiisoma tofauti hiyo polepole anapata kizunguzungu. Ni hesabu inayomlazimisha auulize walikwenda wapi.

Na mimi sihitaji kwenda China ili niulize. Mwaka huo huo wa 1997 ambao gemu ya kwanza ya mfululizo huu ilitoka Japani, usiku wa tarehe 13 Agosti, vijana waliojikusanya msitu wa Kaya Bombo, hapa Kwale, walivamia kituo cha polisi cha Likoni na eneo la kivuko. Polisi sita waliuawa, bunduki zikachukuliwa. Wiki zilizofuata watu wa bara, yaani Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba, Waluhya, waliuawa na kuchomewa nyumba na vibanda. Waliokufa walipita mia moja, na waliokimbia makwao wanakadiriwa kufika laki moja. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi.

Vijana wale walikula kiapo kwa mganga, wakaahidiwa kwamba risasi haitawadhuru. Waliambiwa wageni wakiondoka, ardhi na kazi vitakuwa vyao. Ukimsoma Zhang Jiao baada ya kusikia habari za Kaya Bombo, unahisi umekutana naye njiani. Wengi wa vijana hao walikuwa Wadigo wasio na hatimiliki wala kazi, wakiishi pembezoni mwa hoteli ambazo hawawezi kuingia. Dhiki yao ilikuwa ya kweli. Waliowaelekeza kwa majirani zao maskini kama wao walikuwa wengine, na hao wengine walikuwa na majina makubwa. Tume ya Akiwumi iliundwa mwaka 1998 kuchunguza ghasia za kikabila nchini, na ripoti yake ikawekwa wazi mwaka 2002. Majemadari wa aina hii hawana shida. Wakishindwa, husema neno na kujiondokea, tukutane uchaguzi ujao.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Ninachokumbuka ni redio kutaja tarakimu kila asubuhi, na watu wazima kuzilinganisha na za jana. Leo wanne. Leo wawili. Nyuma ya nyumba yetu alikaa mama mmoja wa bara aliyekuwa akikaanga samaki, na sisi watoto tulikuwa tukimaliza mikate yake ya chai kana kwamba ni ya kwetu. Asubuhi moja mlango wake ulikuwa wazi na karai liko juu ya jiko lisilo na moto. Hakurudi. Jina lake nalijua, lakini silitaji hapa kwa sababu ni lake na la wanawe. Yuko ndani ya ile laki moja. Na upande wa pili wako vijana wa Kidigo waliokamatwa kwa wingi katika msako uliofuata, wenye hatia na wasio nayo, na wengine wakaeleza baadaye kwamba waliteswa. Kwa aliyewakamata walikuwa sura moja, nguo moja.

Jicho nililolitaja mwanzo ndilo hili. Kabla ya panga kunyanyuliwa, kuna kazi ambayo lazima iwe imekwisha kufanyika: jirani ageuzwe awe mmoja wa "wale". Hakuna anayeweza kuchoma nyumba ya mama anayempa mtoto wake mkate. Inachomwa nyumba ya "mtu wa bara". Na hakuna anayeweza kumpiga mwana wa fulani mpaka azimie. Anapigwa "mshukiwa".

Nilipomwambia mpwa wangu haya, alinijibu kwa hoja mbili, na zote zina uzito.

Ya kwanza: "Mjomba, hata hizo tenzi zenu ziko hivyo hivyo." Ni kweli. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa na Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja juu ya vita vya Waislamu na Herekali wa Rumi. Mashujaa wake wanatajwa kwa majina na nasaba, na maadui wanaanguka kwa maelfu. Mabibi zetu waliusikiliza kwa raha ile ile anayoipata mpwa wangu. Kwa hivyo hii si dhambi ya skrini wala ya Wajapani. Kila taifa lililopata kusimulia vita limekuwa na kihesabio chake, na ushairi ulikuwa nacho kabla ya umeme. Ninachosema hakiihusu gemu peke yake, na ningekuwa mnafiki kama ningemnyang'anya PSP nikamwachia utenzi.

Ya pili: "Ukitaka kila askari awe na jina na mamake, gemu haitachezeka." Hii nayo kweli, na inavuka gemu. Maisha pia hayatachezeka. Daktari wa kliniki mwenye foleni ya watu sitini hawezi kujua hadithi za wote sitini. Serikali haiwezi kujenga kisima kwa kumfikiria kila mnywaji. Lazima tuhesabu. Mtu anayesema kila kuhesabu ni kudhalilisha watu hajawahi kugawa chakula cha msaada.

Hapo nililazimika kufikiri upya. Kama hesabu yenyewe haina hatia, kosa liko wapi?

Jibu nililipata kwenye hesabu nyingine, ya karibu na hapa. Oktoba 1914, katika Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani waliojaribu kusonga kutoka kusini kuelekea Mombasa walizuiwa Gazi, mwendo wa kama nusu saa kwa gari kutoka Kona ya Musa. Vita hivyo vya Afrika Mashariki vilibebwa, kwa maana halisi ya neno, na wapagazi: wanaume waliochukuliwa kwa maelfu kwa maelfu kubeba risasi na unga, wakafa kwa kuhara, malaria na njaa. Tunalikumbuka jeshi lao katika jina la mtaa, Kariakoo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Zitazame tarakimu hizo mbili na pengo lililo kati yake. Pengo lenyewe linaumiza, kwa kuwa ni watu zaidi ya laki mbili ambao hatuwezi hata kusema kama wanakosekana. Lakini bila hesabu hiyo tusingejua kwamba kuna deni. Hapa hesabu imefanya kinyume cha kile inachofanya kwenye skrini ya mpwa wangu. Imefungua swali: walikuwa kina nani, wanao wako wapi, nani alipaswa kuandika? Kihesabio cha gemu kinalifunga swali. Kikifika elfu, unapewa sifa, na hakuna lililobaki la kuuliza.

Basi sheria ninayoipendekeza ni nyepesi kuisema. Hesabu ya watu ni halali ikiwa inaacha mlango wazi wa kurudi kwa mtu mmoja mmoja. Ikiufunga, hata kama ni ya kweli mpaka tarakimu ya mwisho, imekwisha kufanya ubaya.

Pwani tuna desturi inayoijua sheria hii. Mtu akifa, kipaza sauti cha msikiti hakitangazi idadi. Hutangaza jina, mwana wa nani, ndugu wa nani, anazikwa wapi na saa ngapi. Na kaburini, inaposomwa talkini, maiti huitwa kwa jina lake na la mamake, maskini na tajiri sawasawa, kana kwamba ingekuwa utovu wa adabu kumpeleka mbele bila kumtambulisha. Mvuvi wa Chale na mwenye hoteli ya Diani wote wanapata dakika hiyo. Ni sisi wenyewe, tukitoka makaburini na kuwasha redio, tunaorudi kusikiliza "washukiwa watatu wameuawa" kama tunasikiliza matokeo ya ligi. Miaka kumi iliyopita hivi tulizisikia habari za namna hiyo mara nyingi hapa Kwale na Mombasa. Mwaka 2016 shirika la Haki Africa lilitoa ripoti juu ya waliouawa na waliopotea Pwani, na kazi yake kubwa ilikuwa rahisi kuieleza: iliandika mtu mmoja mmoja. Waliochukia hawakuchukia tarakimu, kwa kuwa tarakimu tulikuwa nazo. Orodha ndiyo iliyowakera.

Kwa hiyo sijamwambia mpwa wangu aache gemu. Nilimwambia jambo moja tu, kwamba kwenye ile picha yeye amepewa kiti cha jemadari kwa mkopo. Kijana wa Kona ya Musa, asiye na shamba, anayengoja kazi ya hoteli msimu ukifunguka, akizaliwa ndani ya hadithi ile hatazaliwa Guan Yu. Atazaliwa na kitambaa cha manjano kichwani. Na siku mwanasiasa au shekhe wa uongo atakapomjia na kiapo na ahadi, atamwita jemadari vile vile, huku amekwisha kumhesabu.

Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwani hao wa manjano walikuwa wanataka nini hasa?"

Nikamweleza kuhusu njaa, mafuriko na kodi. Aliendelea kucheza huku akisikiliza, na kihesabio kikaendelea kupanda. Sikuona haja ya kumkatiza. Alikuwa ameuliza walichotaka, na swali hilo haliulizwi juu ya hesabu.